Kikombe cha Mlangoni

Mdogo wangu Imbro alikuwa fundi wa mapipa, na hapo ndipo msiba wake ulipoanzia, ingawa yeye mwenyewe aliuita riziki. Huku kwetu Zagorje, kaskazini mwa Kroatia, kila kilima kina mizabibu, kila shamba la mizabibu lina kibanda chake, na kila kibanda kina chumba cha chini chenye mapipa. Nusu ya mapipa hayo yalipita mikononi mwa Imbro. Na fundi wa mapipa hatoki kwenye chumba cha mtu na koo kavu. Anaukagua mwaloni, anagonga pete za chuma, ananusa tundu, halafu mwenye nyumba anachota glasi ya kwanza na kumpa yeye, aonje kama pipa limeharibu ladha ya divai. Asipoonja, mwenye nyumba atadhani kazi ina kasoro. Basi akaonja. Akaonja nyumba hii, akaonja na ile, mpaka ikafika siku mapipa ya kutengeneza yamekwisha na yeye bado anaonja.

Mimi ni dada yake mkubwa, Jalža. Watu husema nina ulimi, na sikatai. Mume wangu alikufa zamani, wanangu wako Ujerumani wanawajengea Wajerumani nyumba, na kati ya mlango wangu na wa Imbro lipo banda la kuku tu. Kwa hiyo yote niliyaona. Nilimwona akitoka asubuhi amenyoosha mgongo, na nilimwona akirudi jioni ameshikilia ua wangu wa mbao utadhani ndio unaomdai. Ua huo umepinda mpaka leo.

Siku tulipomzika mkewe, Verona, Imbro alifika makaburini padri ameshafunga kitabu. Viatu vimejaa matope ya shambani. Alitaka kurusha ua kaburini, akaanguka juu ya mashada, na ikabidi wanaume wawili wamwinue. Binti yake wa pekee, Ružica, alikuwa amesimama ng'ambo ya shimo na kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa akilia, alipomwona baba yake amelala juu ya maua ya mama yake, akaacha kulia. Mimi niliogopa pale alipoacha.

Mwaka uliofuata Ružica aliolewa ng'ambo ya kilima, kwa akina Belošević, watu wenye shamba kubwa na jina kubwa. Imbro hakualikwa harusini. Na vuli moja, siku za mavuno, Ružica akanipigia simu kwamba ana mimba, na kwamba nina ujumbe wa kufikisha.

"Shangazi, mwambie baba hivi. Akikaa bila kuonja toka mavuno haya mpaka mavuno yajayo, aje kwenye ubatizo ampakate mjukuu wake. Akishindwa, mwanangu hana babu upande huo."

Nilimwambia hayo ni maneno mazito kumpelekea mtu kupitia dada yake. Akasema kwa simu ya baba yake hajawahi kujibiwa na mtu aliye timamu. Na alisema kweli.

Nilimfikishia Imbro neno kwa neno. Alikuwa amekaa juu ya gogo lake la kazi, randa mkononi, hana cha kupiga randa. Aliuliza mara moja tu, "Alisema ampakate?" Nikamwambia ndivyo alivyosema. Wiki ile ile akakubali kupelekwa hospitali, yeye ambaye hata jino lake alijing'oa mwenyewe kwa koleo. Wakamlaza, wakamsafisha, akarudi amekonda, mikono inatetemeka, na agizo moja: atafute klabu ya waliotibiwa ulevi, ahudhurie kila wiki, na asiende peke yake, aende na mtu wa familia.

Sasa kutafuta klabu hiyo. Huku kwetu ukiuliza nani anauza gongo zuri la plamu, watoto wa shule watakushika mkono wakupeleke. Ukiuliza watu wanaoacha pombe wanakutania wapi, kila mtu anageuka mgeni wa mji. Nilimuuliza padri, akasema wapo, wapo, halafu akaanza kunieleza habari za paa la kanisa. Nilimuuliza mama wa posta, ambaye hufungua barua zetu kwa macho kabla hatujazifungua kwa mikono. Akasema hajui, akashusha sauti, akaniuliza ni kwa ajili ya nani. Mwishowe nikaenda zahanati kwa muuguzi Nevenka, nikamwambia sitoki mpaka nijue.

"Mama Jalža, mbona anayewaongoza ni mimi?" akasema. "Jumatatu, saa kumi na mbili jioni, juu ya ukumbi wa zimamoto."

"Pale juu? Mimi siku zote naona taa, nikidhani ni kwaya."

"Kwaya gani hiyo ulishawahi kuisikia ikiimba?"

Kwaya nikaiacha. Lakini ukumbi wa zimamoto, hilo nilikuwa na la kulisema. Wazima moto wetu wana baa chini, na ngazi ya kupandia juu iko ndani ya baa. Ukitaka kuacha pombe sharti upite katikati ya wanaoinywa. Nilimuuliza Nevenka ni mwendawazimu gani aliyepanga hivyo. Akasema hakuna aliyepanga, hicho ndicho chumba pekee walichopewa bure, na kwamba anayeweza kupita pale chini akafika juu amekwisha kufanya nusu ya kazi.

Jumatatu ya kwanza Imbro alivaa koti lake la kanisani. Tulipoingia, baa ilinyamaza. Alikuwapo Pepek, mtu ambaye hajawahi kuzima hata jiko lakini kofia ya zimamoto haimtoki kichwani. Akainua glasi yake.

"Imbro, unapanda mbinguni? Tusalimie watakatifu, bwana."

Imbro akasita mguu mmoja kwenye ngazi. Nikaona shingo inataka kugeuka. Nikamsukuma kiunoni, nikamjibu Pepek mwenyewe, "Watakatifu wanakuulizia sana, Pepek. Ila wanasema tumbo hilo halipiti mlangoni." Wakacheka wote, na katika kicheko hicho tukapanda.

Juu kulikuwa na viti vimepangwa duara, birika la chai ya maua ya mti wa lindeni, na watu ambao nusu yao nilikuwa nikiwasalimia sokoni bila kujua. Wake na waume, mzee mmoja na mwanawe, bibi mmoja na kijana wake wa posta. Nevenka akaeleza kanuni. Kila mtu anasema wiki yake ilivyopita. Yanayosemwa pale hayashuki ngazi. Asiyekuja, wenzake wanamwendea nyumbani. Na ya mwisho, aliyokuwa amenificha kule zahanati: mtu wa familia naye anaacha.

"Anaacha nini?" nikauliza.

"Pombe, mama Jalža."

"Mimi sinywi pombe. Mimi nakunywa divai na chakula cha mchana."

Duara lote likacheka, kwa upole, kama watu wanaosikia wimbo wanaoujua. Mimi nilikasirika, nasema wazi. Kwetu divai ni chakula; mama yetu alitulowekea mkate ndani yake tukiwa na mafua. Niliwaambia nimekuja kumsindikiza mgonjwa, sikuja kulazwa. Nevenka hakubishana. Alisema tu kwamba ni vigumu mtu kuacha kitu kilicho juu ya meza ya dada yake anakokula kila siku. Nikamtazama Imbro. Alikuwa akitazama mikono yake iliyokuwa ikitetemeka juu ya magoti. Nikaacha. Niliacha kwa kununa, na mchana wa kwanza nilikula supu ya maharage na maji ya bomba nikiwatukana watu wote waliokaa kwenye duara lile, mmoja mmoja, kwa majina. Lakini niliacha.

Kuhusu Ružica, Nevenka alituambia tangu mwanzo kwamba anayepaswa kuwa pale hasa ni yeye. Nikampigia. Nikamwambia njoo hata mara moja, usikilize tu.

"Shangazi, mimi sinywi. Anayeumwa ni yeye, si mimi," akasema. Halafu akaongeza kwa sauti ya chini kwamba wakwe zake hawajui. Amewaambia baba yake ana ugonjwa wa sukari, ndiyo maana haonekani. Akija kupanda ngazi ile mbele ya akina Pepek, habari itavuka kilima kabla yake. Nikamwambia mficha uchi hazai. Akasema yeye tayari ana mimba ya miezi mitatu. Alikuwa na ulimi wangu, mtoto yule, na sikufurahi kuusikia kwa mtu mwingine.

Imbro alikaa wiki nyingi bila kusema zaidi ya "Mimi Imbro, wiki imepita." Alichukua kiti kile kile karibu na dirisha, akinywa chai ile ambayo hakuipenda. Majira ya baridi yakaja na maumivu yake. Usiku nilimsikia akitembea nyumbani kwake, na asubuhi nilikuta amenipasulia kuni ambazo sikuhitaji. Kazi ya mapipa ya divai aliiacha kabisa. Watu walimletea, akawarudishia. Akaanza kutengeneza mapipa ya kabichi chachu tu. Wenye mashamba walimcheka, wakamwita fundi wa kabichi. Nilimuuliza kama inamuuma. Akasema kabichi haikuombi uionje.

Baada ya Krismasi, Jumatatu moja, zamu ilipomfikia, alifungua mdomo na maneno yakaendelea kutoka. Kanuni yasema yale hayashuki ngazi. Mimi nayashusha leo, na atakayeuliza aniulize mimi.

Alisema siku ya mazishi ya Verona alikuwa kibandani shambani tangu alfajiri. Hakuwa amesahau. Alikuwa amevaa suti, amefunga tai. Alisikia kengele ya kwanza ya kanisa ikimwita, akajimiminia. Alisikia ya pili. "Nikasema, namalizia hii moja, halafu naenda," akasema. "Nilitaka kwenda. Hakuna siku niliyotaka kwenda mahali kuliko siku ile. Nikasema, namalizia hii moja."

Kule juu hawana desturi ya kukimbilia kufariji. Bibi mwenye kijana wa posta alimsogezea kikombe cha chai, basi. Mimi nilikuwa nimemchukia mdogo wangu kwa siku ile ya makaburini muda wote, nikidhani alilewa kwa kutojali. Nilishuka ngazi ile nimeshika kiwiko chake, na Pepek aliposema neno sikulisikia.

Mtoto alizaliwa mwezi wa Mei, wa kiume, akaitwa Lovro. Tulipata picha kwenye simu yangu. Imbro alikuja asubuhi kuitazama, akaja mchana, akaja jioni, mpaka nikamwambia aache simu yake ya mezani, anunue ya picha. Akaanza kutengeneza beseni la mbao la kumwogeshea mtoto, la mwaloni alioutunza tangu enzi za baba yetu. Alilikwangua ndani mpaka ukipitisha shavu halikukwaruzi. Nilimkuta akilipima hivyo, kwa shavu lake mwenyewe.

Mavuno yakaja tena. Kilima kizima kilinuka zabibu zilizopondwa, na hewa ile yenyewe inalewesha. Imbro alichuma zabibu zake, akaziuza zote zingali kwenye makapu, kwa mara ya kwanza katika ukoo wetu. Hakuonja hata maji yake matamu. Kwenye klabu walimpigia makofi, akaona haya, akasema ana la kuomba: Jumapili ya ubatizo atakuwa nyumbani kwa wakwe wa binti yake, wamkumbuke.

Ubatizo uliwekwa kwenye siku za Mtakatifu Martin mwezi wa Novemba, sikukuu ya divai mpya, kwa kuwa mzee Slavek Belošević, baba mkwe wa Ružica, ndiye kila mwaka huvaa joho la askofu wa mzaha na kuibatiza divai mpya. Alitaka, kwa maneno yake, kubatiza wawili kwa gharama ya karamu moja. Si mtu mbaya, Slavek. Niseme hilo mapema. Ni mtu mnene, mkarimu, anayekukumbatia mpaka vifungo vinakatika.

Kanisani yote yalikwenda vizuri. Imbro alikaa nyuma na beseni lake miguuni. Ružica alimtazama mara mbili, na mara ya pili aliinamisha kichwa kidogo, kama kumsalimu. Baadaye tukatembea wote hadi nyumbani kwa akina Belošević, na hapo mlangoni, juu ya ngazi, Slavek alikuwa ametangulia na anatungoja na bilikum.

Kila nyumba yenye heshima huku ina bilikum. Ni kikombe kikubwa cha udongo, chenye mikono miwili, kinachotolewa kabatini kwa mgeni anayevuka kizingiti kwa mara ya kwanza. Kinajazwa divai, na mgeni anakinywa mpaka chini bila kukiweka. Akikimaliza amekuwa mtu wa nyumba. Akikikataa amesema hataki undugu na waliomo. Mimi nilikijua kikombe hicho tangu nizaliwe, Imbro alikijua, na wala mimi wala yeye, katika wiki zote zile za kujiandaa, hatukukikumbuka. Tulijiandaa kwa meza. Tulipanga atakaa upande wangu, tulipanga glasi yake nitaigeuza juu chini. Mlango hatukuupanga.

"Mkwe mwenzangu!" Slavek akasema. "Hatimaye. Karibu kwako. Mpaka chini, kama desturi."

Imbro aliweka beseni chini. "Asante, mkwe. Lakini mimi nitaomba maji."

Watu nyuma yetu walicheka wakidhani ni utani. Slavek naye alicheka. "Maji ni ya vyura, bwana. Najua, najua, sukari. Ružica katuambia. Lakini divai yangu ni chachu, haina sukari hata chembe. Kunywa bila hofu."

"Siwezi, mkwe."

Kicheko kikaisha. Nyuma yetu walisimama shangazi zao wote, na wajomba, na majirani waliovaa nguo za Jumapili. Nikanyoosha mikono nikasema nipe mimi, mimi pia ni mgeni, nakunywa kwa niaba ya nyumba yetu. Ningekivunja kiapo changu pale pale na nisingejali. Slavek akanisogeza kwa bega, bila ubaya, akasema cha kwangu kinakuja, kila mmoja na chake, ndivyo ilivyo. Uso wake ulikuwa umeanza kuwa mwekundu. Mkewe alikuwa ameshaanza kunong'ona na dada yake.

Ndipo Ružica akapita katikati ya watu, mtoto mkononi, kanzu nyeupe ya ubatizo inaning'inia. Alikuja karibu na baba yake kuliko alivyomkaribia tangu mazishi. Nilidhani atasema ukweli. Namwapia yeyote, nilidhani anakuja kusema.

"Baba," akasema chini chini, "usiniaibishe leo. Moja tu. Moja haihesabiki."

Imbro alimtazama. Alikuwa anangoja aone kama amemsikia sawasawa, na uso wa binti yake ukamwambia ndiyo. Akakipokea kikombe kwa mikono yote miwili, na mikono haikutetemeka. Alikinywa mpaka chini. Slavek akapiga kelele ya furaha, watu wakapiga makofi, na Ružica, machozi yakimtoka kwa nafuu aliyoipata, akamwekea mtoto mikononi.

Basi alimpakata. Aliahidiwa hilo na alilipata. Alisimama pale mlangoni, mjukuu kifuani, akigeuza uso pembeni ili pumzi yake isimfikie mtoto. Wengine waliona babu aliyejawa na furaha. Mimi nilipopewa kikombe changu nilikimwaga juu ya maua ya dirishani, chote, mbele ya macho ya Slavek. Akina Belošević hawajanisamehe mpaka leo na sijaomba.

Mezani hakunywa. Alikula bata mzinga, akasifu keki ya jozi, akaliona beseni lake likipitishwa mkono kwa mkono. Nikaanza kujidanganya kwamba limepita. Nilipomwambia njiani tuzungumze na Nevenka kesho yake, akasema ndiyo, kwa upole sana. Jumatatu akasema ana mafua. Jumatatu iliyofuata nilimkuta amekwisha kuhamia kibandani shambani, na lile pipa dogo alilokuwa akilitumia kuwekea misumari alikuwa ameliosha na kulitia divai.

Nilimfokea. Nilimwambia kila nililokuwa nalo. Alinisikiliza amekaa, akanijibu bila hasira, "Ružica amesema moja haihesabiki, dada. Hii pia ni moja." Na kila siku niliyopanda kilima kumletea supu, glasi iliyokuwa mezani ilikuwa moja. Wenzetu wa klabu walimwendea kama kanuni inavyosema, na theluji yote ile. Aliwafungulia mara ya kwanza. Mara ya pili hakufungua.

Mimi niliendelea kupanda ngazi ya zimamoto kila Jumatatu, peke yangu. Pepek aliniuliza mara moja, "Bi Jalža, sasa mlevi ni nani?" Nikamwambia kama ana haraka ya kujua apande. Ukweli ni kwamba nilikuwa sina pengine pa kuwa na hasira. Nilikaa, nikasema, "Mimi Jalža, wiki imepita," na kiti cha dirishani kilikuwa wazi, hakuna aliyekiondoa.

Mwezi wa Machi, watu wote wakiwa wamepogoa mizabibu, chini kukawa kimya ghafla katikati ya mkutano. Tulisikia viatu vya mwanamke kwenye ngazi. Akaingia Ružica, kichwa wazi, kapita katikati ya akina Pepek wote na mwanga bado upo. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja tu, akakikalia. Zamu ilipomfika, Nevenka alimwambia halazimiki kusema.

"Mimi ni Ružica, binti wa Imbro," akasema. "Baba alikaa bila kunywa toka mavuno hadi mavuno kwa sababu mimi nilimwambia. Na alikunywa kwa sababu mimi nilimwambia. Nimewaeleza wakwe zangu jana."

Mimi tangu Novemba nilikuwa nimemwekea maneno. Nilikuwa nimeyapanga, nimeyanoa, mengine nilishayasema kwa kuku. Nilimtazama mikono yake juu ya magoti, ikitetemeka kama ya baba yake siku ile ya kwanza, nikamimina chai kikombeni, nikampelekea.

Kesho yake tulipanda kilima wote wawili, yeye amembeba Lovro amefungwa kwenye blanketi. Mashamba ya majirani yalikuwa yamekatwa vizuri, matawi yamefungwa mafungu. La Imbro lilikuwa limeachwa, matawi ya mwaka jana yameshikana kila upande. Njiani Ružica alikuwa akinieleza kwamba kila jioni wanamwogesha mtoto ndani ya beseni lile, na kwamba atamwambia baba yake hilo kwanza, kabla ya yote.

Moshi ulikuwa unatoka. Akagonga.

"Nani?" sauti ya Imbro ikauliza.

"Ni mimi, baba. Nimekuja na Lovro. Jana nilikwenda klabu, nimekaa kwenye kiti chako. Njoo twende, Jumatatu tutapanda wote, mimi na wewe."

Kisha tukasikia kiti kikisogezwa sakafuni, na kikohozi, na kitu cha kioo kikiguswa.

"Ružica? Mwanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha, furaha ya kweli, naapa. "Nakuja. Nakuja sasa hivi. Namalizia hii moja."

Ružica akanigeukia, uso wote umefunguka kama alipokuwa mdogo. "Umesikia, shangazi? Anakuja."

Yeye hakuwapo Jumatatu ile ya baada ya Krismasi, baba yake aliposimulia kengele za mazishi. Nikamvuta chini kwenye ngazi akae, nikamfunika mtoto blanketi vizuri, kichwa na miguu, maana upepo ulikuwa wa baridi na nilijua tutakaa pale.